Msikilizaji wa Mkondo wa Salale

Simu yangu iliita Ijumaa asubuhi nikiwa natafuta kanzu ya kwendea msikitini, na jina lililotokea kwenye kioo lilikuwa lake. Nilipokea kwa utani wetu wa siku zote, nikamuuliza kama tuko wawili tu au kuna wa tatu katikati.  Halafu sauti ya mwanamume, nzito na ya taratibu, ikanisalimia na kujitambulisha kuwa ni kaka yake mkubwa. Akanieleza kwamba mwenye simu ametangulia mbele ya haki alfajiri ile, nyumbani kwake Kibiti, baada ya kuugua kwa muda mfupi, na kwamba atasaliwa baada ya sala ya Ijumaa na kuzikwa Mahege jioni. Nikasema yale asemayo Mwislamu anapofikiwa na msiba. Baada ya hapo hakuna kati yetu aliyekata simu. Nilisikia wanawake wakilia kwa mbali, mlango ukifunguliwa, mtu akiuliza maji ya kuoshea yako wapi, na mie nimeishika simu sikioni kama mtu aliyejikuta amesimama dirishani kwa watu bila kukusudia. Mwenye simu ndiye aliyenifundisha kuona haya kwa jambo kama hilo.

Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua kuwa safu hii haina mazoea ya kuwalilia wakubwa; wakubwa wana wengi wa kuwalilia. Marehemu hakuwa mkubwa. Alikuwa mwalimu wa fizikia katika chuo kimoja cha Dar es Salaam, mtoto wa wakulima wa Mahege, na kazi ya maisha yake ilikuwa kutafuta namna watu wawili walio mbali wanavyoweza kugawana ufunguo wa siri kwa kutumia mwanga, kiasi kwamba mtu mwingine akiuchungulia njiani, wao wenyewe wajue. Ufunguo huo si wa chuma. Ni mfululizo wa tarakimu wa kufungia na kufungulia ujumbe. Wenzake waliosomea mambo hayo wanaiita kazi hiyo usambazaji wa funguo kwa kwanta. Jina lake sitalitaja, wala la mtu mwingine yeyote katika habari hii. Aliwahi kuniambia kuwa jina ndilo kitu cha kwanza kuvuja, na mengine hulifuata.

Tulifahamiana kwa ubishi. Niliandika hapa kwamba siri ya wawili si siri, na kwamba katika zama hizi za simu hata ya mmoja imekuwa mashaka. Siku chache baadaye akanipigia, akaniamkia kwa adabu zote, kisha akaniambia kuwa nimekosea. "Siri ya wawili ipo, mzee wangu," alisema. "Ndiyo kazi yangu." Nilipokwenda Chumbi kuwaona ndugu zangu nilimpitia Kibiti, alikokuwa akirudi kila likizo, tukakaa kwenye mgahawa kando ya barabara kuu, malori ya kusini yakipita na kutikisa vikombe. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa hatua, mwenye sauti ya chini sana. Ilinibidi niinamie meza ili nimsikie. Nilidhani ni malezi tu. Sababu yake nilikuja kuijua baadaye.

Alinieleza kazi yake hivi. Chembe moja ya mwanga inaweza kusimama wima, kulala, au kuegemea upande mmoja au mwingine. Anayetuma huzituma moja moja, kila moja na mkao wake, na anayepokea huzipima. Mtu wa tatu akitaka kuujua mkao wa chembe ni lazima aikamate, na kuikamata ni kuigusa, na chembe iliyoguswa haibaki ilivyokuwa. Hata akiituma tena upesi ili asigundulike, mara nyingi atakuwa amekisia vibaya. Wale wawili wakija kulinganisha sehemu ndogo ya walichonacho, watakuta makosa. Na kama mtu huyo amezikamata chembe zote, makosa yatakaribia robo ya walicholinganisha. Nani ameyaleta hawawezi kujua. Wanachojua ni kwamba kuna aliyegusa, basi wanautupa ufunguo ule na kuanza upya, kabla hawajaandika hata neno moja la siri. Nikamwambia kuwa kwetu pwani hilo halina ugeni. Jicho linagusa, ndiyo maana mzazi humfunika kichanga uso anapopita naye barabarani, na mwenye mpunga uliokubali hapendi usifiwe mbele ya shamba. Nilitegemea atacheka. Alinitazama tu, akasema mama yake naye alikuwa akimfunika.

Habari za mama huyo alinipa kwa vipande, siku tofauti, kama mtu anayetoa miba. Mama yake alikuwa akisuka mikeka ya ukindu, na harusi za jirani hazikukamilika bila mkeka wake. Marehemu akiwa bado msichana wa shule, mama alitokewa na mabaka mkononi yasiyosikia moto wala sindano. Akaenda zahanati. Enzi hizo simu hazikuwepo huko. Vituo vya afya viliongea kwa redio ya mawimbi, na sauti ikitoka kituo kimoja husikika kila penye redio ya namna ile, na kwa wote waliokaa barazani kungoja zamu. Mhudumu, bila ubaya wowote moyoni, aliomba dawa kwa kutaja jina la mama, kijiji chake na ugonjwa wake, akarudia mara ya pili kwa sababu mawimbi yalikuwa mabaya. Ugonjwa ulikuwa ukoma. Mama alipofika nyumbani kwa miguu, habari ilikuwa imeshafika na kukaa.

Alipewa dawa na akapona kabisa, maana ukoma unatibika. Mikeka yake haikupona. Watu wa harusi moja waliurudisha mkeka waliokwisha kuununua, wakauweka pembezoni mwa uwanja bila kupiga hodi, na ukakaa pale ukinyeshewa hadi ukaoza, kwa sababu mama naye hakutaka kuugusa. Tangu hapo alianza kunong'ona. Aliomba chumvi kwa kunong'ona, aliwaita wanawe waje kula kwa kunong'ona, ndani ya nyumba yake mwenyewe, na watoto wote wakajifunza sauti hiyo. "Waliomsikia mama hawakuwa maadui," marehemu aliniambia. "Walikuwa majirani, wamekaa kusubiri dawa za watoto wao."

Sasa niwapeleke Salale, kwa kuwa huko ndiko nilikomwona jinsi alivyokuwa. Baada ya miaka ya kusoma Ulaya na ya kufanya majaribio kwenye paa za majengo ya Dar es Salaam, alitaka kujaribu mitambo yake mahali penye unyevu, chumvi na joto, mahali ambapo siku moja zahanati ingeweza kutuma majibu ya mgonjwa bila dunia nzima kuyasikia. Alichagua kijiji kimoja cha Salale katikati ya mikoko, kisichofikika ila kwa boti. Mtambo wa kutuma mwanga ulifungwa kwenye jukwaa la tangi la maji upande wa zahanati. Wa kupokea uliwekwa ng'ambo ya mkondo, katika chumba cha mama mmoja mjane muuza kamba wa baharini, ambaye dirisha lake linatazama maji. Mwale ulipita chini chini juu ya mkondo. Haukuonekana kwa macho, ila pembeni yake palikuwa na nuru ndogo ya kulengea mitambo. Alikuwepo pia mwenzake wa chuoni, mwanamume wa makamo, mhandisi, mtu mwema mwenye haraka ya kumaliza. Nami niliomba kwenda, nikapewa mkeka wa kulalia na chandarua.

Walipima asubuhi, baada ya sala ya alfajiri na kabla ya jua kutoka, wakati mwanga wa anga haujawa mwingi. Asubuhi za mwanzo zilikwenda vizuri, makosa yakawa machache kama ilivyotarajiwa. Ninachokikumbuka zaidi ni sauti za kijiji. Wanawake wa pande mbili za mkondo walikuwa wakizungumza kwa kuitana juu ya maji: mmoja anauliza bei ya kamba, mwingine anajibu na kumsengenya mkwewe hapo hapo, kicheko kinavuka, tusi dogo linarudi. Marehemu alikuwa akisita kazi yake na kusikiliza, na uso wake ulilainika kwa namna ambayo sikuwahi kuiona Kibiti. Aliniambia hajawahi kuishi mahali watu wanaposema kwa sauti namna ile.

Halafu ikaja asubuhi ambayo maji yalijaa kabla hakujapambazuka. Nilikuwa nimekaa nyuma yake chumbani. Alitazama kompyuta, akaigusa, akatazama tena, akampigia mwenzake simu upande wa zahanati kumuuliza kama amebadilisha chochote. Hakubadilisha. Makosa yalikuwa yamepanda hadi robo, yakasimama hapo. Nilimuuliza kama ni ukungu, kwa kuwa ukungu ulikuwepo, umelala juu ya maji kama shuka. Akasema ukungu huiba chembe, nyingine zisifike, haubadilishi zinazofika. Na asubuhi ile hakuna chembe iliyopungua. Zilikuwa zikifika zote, kwa wingi ule ule, ila robo yake zilikuja zimegeuzwa, sawasawa na vitabu vinavyosema itakavyokuwa pale anapokuwepo mtu katikati anayekamata kila chembe, kuitazama, na kuipitisha. Tukachungulia dirishani. Mkondo ulikuwa mweusi, mtupu, hakuna hata mtumbwi. Jua lilipotoka na maji yakaanza kupwa, makosa yakashuka yenyewe.

Ikawa hivyo asubuhi iliyofuata, na nyingine. Kila maji yalipojaa alfajiri, robo. Walibadilisha vioo, wakafuta lenzi, wakakagua betri na waya. Mwenzake alishauri asubuhi hizo ziondolewe kwenye kazi, akisema kila jaribio lina siku zake mbaya. Marehemu akakataa. Hawezi, alisema, kutengeneza kitu cha kutambua mgusaji, halafu kikitambua aseme hakutambua. Waliyazungumza hayo kwa sauti ya kawaida, mlango wazi, na mwenye nyumba alikuwa uani akichambua kamba wake. Aliingia akifuta mikono, akauliza kama ni kweli mashine imesema kuna mtu kwenye mkondo. Marehemu, ambaye hakuwa mtu wa kudanganya, alimjibu kuwa mashine haisemi mtu. Inasema kuna kitu kinagusa mwanga, na hajui ni nini.

Mama yule alitazama mkondo dirishani. Mume wake alipotelea kwenye mkondo ule, na si yeye peke yake. Karibu kila nyumba ya pale ina wake ambaye hakuonekana tena. "Kwamba yupo, tulijua siku zote," alisema. "Kwamba anasikiliza, hilo ndilo umetuletea weye."

Habari hiyo haikuhitaji redio. Kufika adhuhuri ilikuwa imevuka maji. Nimeona hofu ya aina nyingi katika kazi yangu, lakini sijaona iliyo tulivu kama ile. Hakuna aliyekuja kugomba wala kuvunja kitu. Watu waliacha tu kuitana. Mwanamke aliyetaka bei ya kamba alipanda mtumbwi, akavuka, akauliza karibu na sikio la mwenzake, akarudi. Wanaume waliotengeneza nyavu gatini walifanya kazi yao kwa ishara za mikono. Mama mmoja alimwita mwanawe kwa kupiga sufuria. Maji yalipopwa, matope ya mikoko yalifanya vipovu na kupasuka, na sauti ile, ambayo awali hatukuisikia kwa kelele za watu, ikawa ndiyo sauti pekee, kama midomo mingi inayofunguka na kusita. Mwenye nyumba alihamishia kitanda chake jikoni. Alituandalia chai kama kawaida na kutuambia karibuni kwa kunong'ona.

Jioni moja nilimkuta marehemu amekaa kwenye ngazi ya nyuma akitazama mikono yake. Aliniuliza kama nimesikia mwenye nyumba alivyosema karibuni. Nikasema nimesikia. "Ndiyo sauti ya mama," alisema. Kisha akaniambia, na hapa naandika karibu kama alivyosema, kwamba alisoma miaka yote ile ili mtu kama mama yake asiishi akinong'ona, na sasa amekifanya kijiji kizima kinong'one kwa wiki moja. Mwenzake alikuwa tayari kufunga mizigo. Waliofadhili kazi walikuwa wakidai matokeo. Wangeweza kuondoka kesho yake, na Salale ingebaki na msikilizaji wake milele, aliyethibitishwa na wasomi wa Dar es Salaam.

Hakuondoka. Alisema maji yatakapojaa tena alfajiri ataingia mwenyewe katikati ya mkondo, pale pale mwale unapopita, auzibe kwa kitambaa cheusi. Kama njia ni ile moja, chembe zitakoma. Mwenye nyumba alisikia, akasema yeye ndiye atakayepiga kafi. Nilimuuliza kama haogopi. Alijibu kuwa anaogopa sana, ila kama ni kumfuata yule msikilizaji, mtu asiende peke yake. Asubuhi hiyo mimi na mhandisi tulibaki chumbani mbele ya kompyuta, na tuliwaona kwa dirisha wakiingia kwenye ukungu: mama amekaa nyuma na kafi, marehemu amesimama kwa taabu mbele, baibui lake kuukuu amelishika kwa mikono miwili kama mtu anayeanika nguo, simu ameibana sikioni ndani ya mtandio. Makosa yalikuwa robo. Simu ilikuwa hewani tangu walipoondoka. Alisema ameshaziba.

Mhandisi alitazama hesabu za chembe. Zilipungua, lakini hazikukoma. Akamuuliza kama kweli ameziba, na marehemu akajibu kuwa amesimama palepale, kitambaa kimetandazwa, nuru ndogo ya kulengea iko kifuani mwake. Chembe ziliendelea kuingia. Sitasahau nilivyojisikia. Mtu tunayemjua amesimama njiani, hakuna nafasi ya kupita, na bado kuna kitu upande wake wa pili kinachotuletea mwanga.  Nikasikia kwenye simu sauti ya mwenye nyumba, ya chini, ikimwambia marehemu ashushe kitambaa, akishushe hadi kiguse maji. Baadaye alituambia hakujua kwa nini alisema hivyo. Alitaka tu kumfunika aliye chini. Marehemu akakishusha, ncha zikazama. Chembe zikakoma papo hapo.

Ilikuwa ni maji, basi. Mkondo ukijaa na kutulia kabla ya upepo wa asubuhi, uso wake hupanda karibu na mwale na kuwa kioo, na sehemu ya mwanga hujigonga pale na kufika dirishani kwa njia ya chini, ikiwa imegeuzwa mkao. Mhandisi alicheka hadi akatoa machozi. Marehemu aliporudi ufukoni, nguo zimelowa hadi magotini, aliwaeleza watu waliokuwa wamekusanyika, akawaonyesha kwa tochi na beseni la maji mpaka wakaridhika kwamba wanaona anachokisema. Walitikisa vichwa kukubali. Walimshukuru. Kisha wakarudi makwao bila kuinua sauti. "Kumbe ni maji ndiyo yanayosikiliza," mwenye nyumba aliniambia, yeye aliyempoteza mumewe humo.

Na kuna jambo ambalo halikutufurahisha. Siku saba nane baadaye, alfajiri ambayo maji yalikuwa yamekupwa hadi mizizi ya mikoko iko nje, mkondo umekuwa uzi, hakuna kioo chochote cha kugonga mwanga, makosa yalipanda tena hadi robo. Yalikaa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai, halafu yakashuka. Tulioona ni sisi watatu tu. Mhandisi alimsihi marehemu asiseme. Maelezo ya maji yanatosha, alimwambia. Watu wameshaanza kutulia, na asubuhi moja si kitu. Marehemu alikunja jamvi la sala, akalitundika, akatoka.

Alikwenda gatini wakati wanawake wamekuja kupokea kamba, pande zote mbili za mkondo. Nilimfuata. Alisimama kwenye ukingo na kuongea, na mara ya kwanza sauti yake haikuvuka. Akajaribu tena. Aliwaambia kwamba asubuhi nyingi ni maji, ana hakika, ila ya leo hajui sababu yake, na hatawaficha. Niliona nyuso zikijifunga. Kisha akasema kwa sauti ambayo sikujua anayo, sauti iliyopasuka katikati kama ya mtu asiyezoea, "Kama yupo anayesikiliza, na asikilize hili." Akaitaja Mahege. Akamtaja mama yake kwa jina, akautaja ugonjwa wake, akaitaja redio, mkeka uliorudishwa bila hodi na nyumba iliyonong'ona. Aliyasema yote juu ya yale maji, neno kwa neno, mambo ambayo nadhani hakuwa amemwambia mtu zaidi yangu.  Hakuna aliyesogea.

 Halafu kutoka ng'ambo, mwanamke tuliyemwona kama kivuli tu cha kanga akauliza, kwa sauti kamili, "Alipona?"

"Alipona," marehemu akajibu. "Ila mikeka yake haikununuliwa tena."

"Miye ningenunua," mwanamke akasema. Na mwingine pembeni yake akamkatiza kuwa angenunulia pesa gani, deni la unga tu limemshinda, na kicheko kikavuka mkondo, kifupi, cha woga bado, lakini kilivuka. Mwenye nyumba wetu alijibu kwa tusi la mapenzi ambalo gazeti hili halitalichapa. Sitasema hofu iliisha siku ile. Nasema watu walianza tena kuitana, huku wakijua wasichokijua.

Kazi yake ilichapishwa kwa kuchelewa. Wakaguzi wa jarida walimtaka aifute ile asubuhi ya maji makavu kwa kuwa haina maelezo. Alikataa, na nafasi kubwa aliyokuwa akiitarajia ikampita. Mtambo haujafika zahanati yoyote. Aliendelea kufundisha, na mara ya mwisho tulipoonana Kibiti, akiwa amekonda, nilimuuliza kama amewahi kujua ilikuwa nini. Alisema amefikiria kila kitu, hata buibui mbele ya lenzi, na hajui. Nikamuuliza kama inamsumbua. Alinijibu kuwa alipokuwa kijana alidhani jambo la kutisha ni kusikilizwa, na siku hizi anadhani la kutisha zaidi ni yale watu wanayofanya wakishasikia. Alikuwa akizungumza kwa sauti ya kawaida. Meza ya jirani waligeuka, naye akaendelea.

Tulimzika Mahege kwenye udongo mwekundu karibu na mikorosho. Nikiwa kwenye gari kurudi nilifikiria maisha yetu ya sasa. Barua ya mapenzi inapigwa picha na kusambazwa kabla ya wino kukauka. Cheti cha mgonjwa kinasambaa kwenye makundi ya simu. Binti analia faragha na kilio chake kinachezwa sokoni. Tunawalaumu wenye mitambo, na wana lawama yao. Lakini aliyeupeleka mkeka ule pembezoni mwa uwanja hakuwa na mtambo wowote. Alikuwa na masikio tu, kama mimi na wewe. Wataalamu na watutengenezee kufuli za mwanga, nami nawaombea wafanikiwe. Hata siku kufuli hizo zitakapofika kila nyumba, bado patakuwa na ukuta mwembamba, na mlango ulioachwa wazi, na simu iliyosahauliwa kukatwa.

Masikio hayana kope. Tutasikia tusiyotumiwa hadi siku ya mwisho. Ila kati ya kulisikia jambo la mtu na kumgeuzia mtu huyo mgongo pana hatua moja, na hakuna anayetusukuma kuichukua. Marehemu aliitoa siri ya nyumba yao hadharani ili watu wengine wapate kusema, na aliyemjibu alianza kwa kuuliza hali. Tukishasikia, nasi tuanzie hapo.